Kuning'inia kwa kamba

Kuning'inia kwa kamba ni hali ambayo uzito wa mwili wa mtu, wote au sehemu yake kubwa, unabebwa na kamba badala ya miguu. Hutokea kazini, kwa mfano katika uchimbaji wa madini na visima, ujenzi na ukarabati wa minara ya simu. Hutokea pia katika upandaji wa miamba, katika uokoaji, na katika shibari, yaani sanaa ya Kijapani ya kufunga mwili kwa kamba. Makala hii haihusu kunyonga; inahusu mtu aliye hai ambaye amening'inia kwa kukusudia, au aliyejikuta ananing'inia baada ya kuteleza.

Kwa kawaida watu huogopa jambo moja tu: kamba kukatika. Hofu hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Mtu anaweza kuumia vibaya au kufa akiwa kwenye kamba ambayo haikukatika, fundo ambalo halikufunguka na boriti ambayo haikuvunjika, kwa sababu mwili wa binadamu haukuumbwa kutundikwa. Damu hutuama miguuni, kifua hubanwa, na neva za mikono na miguu hugandamizwa kati ya kamba na mfupa. Madhara hayo huanza ndani ya dakika chache, na mara nyingi huanza bila maumivu.

Kamba na maduara mkoani Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na makao makuu yake ni mji wa Bariadi. Unajulikana zaidi kwa pamba na ng'ombe, lakini una pia machimbo madogo ya dhahabu, kama mikoa ya Shinyanga, Geita na Mara. Katika machimbo ya Kanda ya Ziwa shimo la kuingilia huitwa duara, nalo huchimbwa kwenda chini likifuata mwamba wenye dhahabu. Upana wake mara nyingi ni wa kumtosha mtu mmoja na ndoo yake.

Njia za kushuka ni kadhaa. Kuna ngazi za miti, kuna vishikio vilivyochongwa ukutani, na kuna kamba. Kwenye duara lenye kamba, gogo hulazwa juu ya miti miwili yenye panda, likafungwa mkono wa kuzungushia, na kamba ikazungushwa kwenye gogo hilo. Winchi ya namna hii hupandisha mawe ndani ya ndoo, kiroba au dumu lililokatwa. Kamba hiyohiyo hushusha na kupandisha watu: mmoja hukanyaga kitanzi, mwingine hukalia kipande cha mti, mwingine hushika kwa mikono huku akikanyaga ukuta. Winchi nyingi za gogo hazina breki wala meno ya kuzuia isirudi nyuma. Mzungushaji akiteleza, mkono wa winchi humgeukia na kumpiga, na aliye kwenye kamba huanguka hadi chini.

Hali kama hiyo ipo pia nje ya machimbo. Sehemu kubwa ya Simiyu ni kavu, na visima vya kuchimbwa kwa mkono ni vya kawaida. Mchimbaji wa kisima, au mtu anayeshuka kutoa ndoo iliyodondoka, hufungwa kamba kiunoni na kuteremshwa na ndugu au majirani. Huyu naye ananing'inia, ingawa hakuna anayeliita jambo hilo kwa jina hilo.

Ajali kubwa inayokumbukwa katika machimbo ya mkoa huo haikuhusu kamba. Tarehe 13 Januari 2024 kifusi kiliua watu 22 katika mgodi wa Ng'alita, wilayani Bariadi. Mkuu wa wilaya alieleza kwamba uchimbaji katika eneo hilo ulikuwa umezuiwa kwa sababu ya mvua kubwa. Ajali za kamba ni za aina nyingine: humpata mtu mmoja mmoja na huhesabiwa kama bahati mbaya. Ndiyo maana huzungumzwa kidogo, wakati nyingi kati yake zinaweza kuzuiwa kwa mambo madogo ambayo hufundishika kwa siku chache.

Yanayotokea mwilini

Damu

Mtu anapotembea, misuli ya miguu hukaza na kulegea, na kwa kufanya hivyo husukuma damu ya vena kurudi juu moyoni. Mtu aliyening'inia wima bila kusogeza miguu hukosa pampu hiyo. Damu hubaki miguuni, moyo hupokea kidogo, na ubongo hupata kidogo zaidi. Askari anayesimama kwenye gwaride kwa muda mrefu bila kutikisika huweza kuzimia kwa sababu hiyohiyo. Lakini askari akizimia huanguka chini, hulala, na damu humrudia kichwani. Aliye kwenye kamba hawezi kuanguka. Hubaki wima akiwa amezimia, na hapo ndipo hatari ilipo.

Hali hiyo ilianza kujadiliwa kwa makini na madaktari wa uokoaji milimani. Mkutano wao wa mwaka 1972 mjini Innsbruck, Austria, ulizungumzia wapanda milima waliofariki wakiwa wamening'inia au muda mfupi baada ya kuokolewa. Katika majaribio yaliyofanywa baadaye kwa watu wenye afya njema walioning'inizwa kwenye mikanda bila kujitikisa, wengine walianza kuzirai baada ya dakika chache, na wengine walivumilia karibu saa nzima. Hakuna njia ya kujua mapema nani ni wa kundi gani. Aliyechoka, mwenye njaa, aliyepungukiwa maji mwilini au aliyekunywa pombe huwahi zaidi.

Dalili za mwanzo ni kizunguzungu, jasho baridi, kichefuchefu, kuona giza na kuhisi joto la ghafla. Mtu mwenye dalili hizo bado anaweza kuongea na mara nyingi husema kwamba yuko sawa.

Pumzi

Kamba iliyofungwa kiunoni peke yake hupanda. Uzito ukiilalia, huteleza hadi chini ya mbavu na kubana kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo na unaofanya kazi kubwa ya kuvuta pumzi. Mtu huweza kutoa pumzi lakini akashindwa kuivuta tena. Majaribio ya jeshi la anga la Marekani yalionyesha kwamba watu walioning'inia kwa mkanda wa kiuno waliomba kushushwa baada ya chini ya dakika 2 kwa wastani, ilhali waliovaa mkanda wa mwili mzima walivumilia zaidi ya dakika 14. Nchi hiyo ilikataza mkanda wa kiuno kutumika kama kifaa cha kuzuia anguko kuanzia tarehe 1 Januari 1998. Kwa hiyo namna ya kufunga ambayo ni ya kawaida kabisa kwenye visima vya vijijini ndiyo inayovumilika kwa muda mfupi zaidi.

Neva

Neva ni nyuzi zinazopeleka amri za ubongo kwenye misuli na kurudisha hisia. Nyingi hupita ndani ya nyama, ambako zimekingwa. Lakini kuna sehemu chache ambako neva hupita karibu na mfupa au bila kinga kubwa, na kamba ikikaa hapo huikandamiza kama mguu unaokanyaga mpira wa maji.

Sehemu ya kwanza ni nusu ya juu ya mkono, kati ya bega na kiwiko. Hapo neva ya radiali huuzunguka mfupa kwa upande wa nyuma na wa nje. Ikigandamizwa, mtu hushindwa kuinua kiganja: mkono huning'inia kwenye kifundo kama jani lililonyauka. Hali hiyo huwapata pia walevi wanaolala usiku mzima mkono ukiwa umelaliwa na ukingo wa kiti. Sehemu ya pili ni upande wa ndani wa kiwiko, ambako hupita neva ya alna. Ndiyo ambayo mtu akijigonga huhisi kama amepigwa na umeme hadi kwenye kidole kidogo. Ya tatu ni kwapa, ambamo hupita karibu neva zote za mkono kwa pamoja. Ya nne ni upande wa nje wa goti, kidogo chini yake. Neva ikiumia hapo mguu hushindwa kuinuka kwenye kifundo, na mtu hutembea akikokota vidole.

Jambo linalowadanganya wengi ni kwamba neva inaweza kuumia bila kuuma. Ganzi na kuchomachoma kama sindano ni onyo, lakini pengine udhaifu huja wenyewe bila onyo. Tena rangi ya ngozi haisemi kitu: mkono unaweza kuwa na joto na rangi yake ya kawaida wakati neva imekwisha bonyea. Ndiyo maana watu waliofundishwa hupima kwa kutumia misuli. Wakiwa wangali wameunganishwa na kamba, huombwa kuinua kiganja kama askari wa barabarani anayesimamisha gari (neva ya radiali), kutanua vidole vyote (neva ya alna), na kuunganisha ncha za kidole gumba na kidole cha shahada wakikataa visiachanishwe (neva ya katikati ya mkono). Jambo lolote kati ya hayo likiwa dhaifu kuliko lilivyokuwa mwanzo, kamba hulegezwa papo hapo. Hakuna kusubiri kuona kama litapita.

Neva iliyobanwa kwa muda mfupi kwa kawaida hupona ndani ya siku au majuma kadhaa. Iliyoumia zaidi huchukua miezi, kwa sababu nyuzi zake huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka katikati ya mkono wa juu hadi kwenye misuli inayoinua kiganja ni safari ya miezi mingi. Kwa mchimbaji, mkulima wa pamba au fundi, hiyo ni misimu ya kazi iliyopotea.

Afrika Mashariki ina ushahidi mchungu wa jambo hili. Nchini Uganda kulikuwa na namna ya kumfunga mfungwa iliyoitwa kandoya, ambayo viwiko vilikazwa pamoja nyuma ya mgongo. Shirika la Amnesty International liliieleza katika taarifa zake za miaka ya 1980 kuwa mateso, na miongoni mwa madhara yake yalikuwa mikono iliyopooza kutokana na neva kuharibika. Walioathirika hawakulazimika hata kutundikwa. Kufungwa peke yake kulitosha.

Shibari

Neno shibari kwa Kijapani lina maana ya kufunga tu. Asili yake huhusishwa na hojojutsu, ujuzi wa kufunga wafungwa uliotumiwa na walinzi wa Japani katika kipindi cha Edo (1603–1868), ambapo namna ya fundo ilitegemea cheo na kosa la mfungwa. Baadaye ufungaji ulionyeshwa kwenye maigizo ya kabuki na kwenye picha. Mchoraji Itō Seiu (1882–1961) huhesabiwa kuwa ndiye aliyeugeuza kuwa sanaa ya wakati wetu, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia magazeti ya Kijapani kama Kitan Club yaliusambaza. Leo hufanywa na watu wazima katika nchi nyingi, wengine kama maonyesho ya jukwaani, wengine kama sehemu ya mahusiano yao ya faragha. Kumtundika mtu huitwa tsuri.

Shibari inastahili nafasi katika makala hii kwa sababu kamba zake hugusa mwili moja kwa moja, bila mkanda mpana wa kitambaa, jambo linaloifanya ifanane na kamba ya kisima kuliko na vifaa vya fundi wa minara. Kamba ya kawaida ni ya juti yenye unene wa takriban milimita 6 na urefu wa mita 7 au 8. Hukunjwa katikati, na kila sehemu ya mwili huzungushiwa mara mbili au zaidi ili uzito uenee kwenye mkanda mpana badala ya uzi mmoja. Ufungaji unaojulikana zaidi huweka mikono nyuma ya mgongo na kupitisha kamba kifuani na kwenye mikono ya juu. Kamba hizo hupita palepale ilipo neva ya radiali, na kweli kiganja kilichoanguka ndilo jeraha linalotajwa zaidi miongoni mwa watendaji wa sanaa hii.

Uzoefu huo umezaa kanuni ambazo hukubaliwa karibu na walimu wote. Mtu hajifunzi kutundika kabla hajajua vizuri kufunga akiwa sakafuni. Hatua inayofuata ni kubeba sehemu ya uzito tu, mguu mmoja ukiwa bado chini. Kutundikwa kabisa huja mwisho, kwa dakika chache, chini ya macho ya mwalimu. Aliyefungwa huulizwa mapema kuhusu majeraha ya zamani, kisukari, dawa za kupunguza kuganda kwa damu na mengineyo. Hukubaliana na mfungaji neno la kusimamisha, na ishara ya mkono ikiwa hawezi kusema. Neno hilo likitamkwa, hakuna mjadala. Mkasi wenye ncha butu huwa karibu daima. Aliyefungwa haachwi peke yake hata kwa dakika moja, kamba haiwekwi shingoni, na mtu hajining'inizi peke yake, kwa kuwa akizimia hakuna wa kumshusha. Pombe na kamba havikai pamoja.

Walimu hao huongeza kwamba kanuni zote hizo hupunguza hatari tu, haziiondoi. Ungamo hilo ni la maana kuliko kanuni nyingi, na lingefaa kusikika pia kwenye machimbo.

Kamba, fundo na boriti

Katani ni mmea wa nyumbani kwa kamba za Tanzania. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida kupitia Hamburg, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Mashamba makubwa yalikuwa Tanga na Morogoro, lakini Usukumani wakulima walipanda katani kama ua wa mipaka ya mashamba na maboma, na nyuzi zake zilisokotwa kuwa kamba za kufungia ng'ombe. Kamba ya katani haiteleza kwenye fundo na haiyeyuki kwa joto la msuguano. Udhaifu wake ni kwamba huoza. Ikilowa, ikahifadhiwa bila kuanikwa, au ikalala kwenye mkojo na samadi zizini, huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Njia ya kuikagua ni kuizungua, yaani kufungua mikunjo yake na kutazama nyuzi za ndani: zikiwa zimebadilika rangi, zinatoa vumbi au zinakatika kwa kuvutwa na vidole, kamba hiyo haimbebi mtu tena. Kamba iliyofungia ng'ombe au kuvutia jembe la maksai haipaswi kushuka dukani kwenye orodha ya kamba za duara.

Kamba za plastiki ambazo sokoni huitwa manila si za nyuzi za manila hata kidogo. Nyingi ni za polipropilini, ambayo ni rahisi, nyepesi na haiozi. Lakini jua huiharibu. Ikianza kutoa unga au nywele ngumu zinazochoma mkononi, nguvu yake imekwisha pungua sana. Tena huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, kiwango ambacho msuguano wa kamba juu ya kamba unaweza kukifikia. Nailoni ni imara na hunyumbuka, hivyo hupunguza kishindo cha anguko, ila hupoteza sehemu ya nguvu yake ikilowa. Poliesta haibadiliki sana ikilowa na hustahimili jua vizuri zaidi.

Kwa kamba inayobeba watu, kipimo kinachotumiwa sana na waokoaji ni 10 kwa 1: ikiwa mzigo ni kilo 100, kamba iwe na uwezo wa kubeba kilo 1,000 kabla ya kukatika. Wingi huo unaonekana wa kupita kiasi hadi mtu ahesabu yanayopunguza. Fundo hupunguza nguvu ya kamba kwa theluthi moja na pengine hadi nusu, kwa sababu kamba hukunjwa kwa ukali. Ukingo wa jiwe huisaga. Matope na mchanga huingia kati ya nyuzi na kuzikata taratibu kama msasa. Na mtu akidondoka hata nusu mita kabla kamba haijakaza, kishindo huwa kikubwa mara kadhaa kuliko uzito wake wa kawaida.

Pembe nayo hudanganya. Mtu akitundikwa kwa kamba mbili zinazokutana juu yake, wengi hudhani kila moja hubeba nusu. Ni kweli zikiwa karibu kuwa sambamba. Zikiachana kwa nyuzi 120, kila moja hubeba uzito wote. Zikiachana kwa nyuzi 150, kila moja hubeba karibu mara mbili ya uzito. Kamba iliyovutwa ikanyooka kati ya miti miwili na mtu akaning'inia katikati ndiyo mfano mbaya kuliko yote.

Kuhusu fundo, tofauti ya kwanza ya kujifunza ni kati ya kitanzi kinachokaza na kitanzi kisichokaza. Kitanzi kinachokaza, kama kile cha kumkamatia ndama, huzidi kubana kadiri uzito unavyoongezeka. Kikizunguka mwili wa mtu ni hatari tupu. Fundo la umbo la nane lililokunjwa mara mbili hutoa kitanzi kisichokaza, ni rahisi kulikagua kwa macho, na ndilo hufundishwa kwanza kwa waokoaji duniani kote. Mkia wake uachwe mrefu, walau urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Mwisho ni kinachobeba kamba. Mti wa winchi ulioliwa na mchwa, mbao ya paa na ndoano ya feni ya darini havikuwekwa kwa ajili ya mtu anayejitikisa. Nyumbani, hasa, dari nyingi zimepigiliwa kwa misumari iliyokusudiwa kubeba mabati na upepo tu.

Namna ya kujifunza

Hakuna anayejifunza kuning'inia kwa kusoma peke yake. Maandishi husaidia tu kujua nini cha kumuuliza mwalimu. Hata hivyo mpangilio wa mafunzo unafanana kila mahali, iwe kwa kikosi cha zimamoto, chama cha wapanda miamba au kundi la wachimbaji.

Mafundo hufungwa ardhini hadi mikono iyajue gizani, maana ndani ya duara ni giza. Kisha mwanafunzi hutundikwa kwa urefu wa shubiri moja kutoka chini, kwenye tawi au boriti iliyokaguliwa, na hukaa hapo dakika mbili tatu. Zoezi hilo dogo hufundisha kuliko maneno mengi: kila mtu hujionea mwenyewe mahali kamba inapobana, jinsi miguu inavyoanza kuwa mizito, na kwa nini kitanzi cha kukanyagia kinachomruhusu kusimama na kukunja magoti ni cha lazima. Baada ya hapo hujifunza kushushwa na kupandishwa kwa urefu mdogo, na hujifunza pia kazi ya yule wa juu. Mtu ambaye hajawahi kuning'inia hazungushi winchi vizuri, kwa sababu hajui kinachompata aliye chini.

Kamba ya pili ni sharti ambalo gharama yake hulalamikiwa zaidi. Moja hubeba, nyingine hufuata ikiwa haijakaza, imefungwa mahali pengine, tayari kumdaka mtu ya kwanza ikishindwa. Kamba mbili zilizofungwa kwenye gogo moja si kamba mbili, kwa kuwa gogo likivunjika zote huenda.

Amri huwa chache na fupi: shusha, simama, pandisha. Sauti hupotea ndani ya shimo refu, hivyo hukubaliwa pia mivuto ya kamba, na kanuni ni kwamba ishara isiyoeleweka ina maana ya kusimama. Kabla ya mtu yeyote kushuka, swali moja linapaswa kuwa na jibu: akizimia sasa hivi, nani atampandisha, kwa kutumia nini, na kwa dakika ngapi? Ikiwa jibu ni kwamba mtu mwingine atashuka kumfuata, hakuna mpango.

Swali hilo ni zito zaidi kwa sababu ya hewa. Pampu ya maji ya injini ikifanya kazi ndani au karibu na shimo hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Kushusha mshumaa unaowaka huonyesha kama oksijeni imepungua sana, lakini hakuonyeshi kaboni monoksidi. Katika visima na mashimo, si ajabu kusikia wawili au watatu wamekufa kwa kufuatana, kila mmoja akishuka kumwokoa aliyetangulia. Mtu aliyeshuka akiwa amefungwa mkanda wa mwili mzima, kamba yake ikiwa bado mikononi mwa walio juu, anaweza kuvutwa bila mwingine kuingia.

Sheria

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo husimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inampa Mtanzania nafasi ya kupata leseni ya uchimbaji mdogo, na usimamizi wa migodi uko chini ya Tume ya Madini, iliyoundwa kufuatia marekebisho ya mwaka 2017. Kwa mujibu wa sheria hizo, wajibu wa vifaa na mafunzo ni wa mwajiri na mwenye leseni. Katika maduara, hata hivyo, wengi hawana ajira ya maandishi. Hugawana mawe badala ya mshahara, na kamba huletwa na mwenye duara au na mchimbaji mwenyewe. Kati ya mwenye leseni, mwenye duara na mchimbaji, ni rahisi kila mmoja akadhani kwamba kamba ni jukumu la mwingine.

Kumshusha aliyezimia

Mtu aliyezimia kwenye kamba hushushwa haraka iwezekanavyo. Wakati anasubiri, magoti yake huinuliwa ikiwezekana, ili damu isiendelee kutuama. Kama bado ana fahamu, huambiwa asogeze miguu na kusukuma ukuta.

Akifika chini au juu hulazwa chali, na kamba zote za kifuani hulegezwa. Vitabu vya zamani viliagiza mtu huyo akalishwe kwa nusu saa, kwa kuhofia kwamba damu iliyotuama ikirudi kwa ghafla itausimamisha moyo. Mapitio ya ushahidi yaliyofanywa Uingereza mwaka 2009 hayakupata msingi wa agizo hilo, na madaktari wa uokoaji milimani sasa wanashauri alazwe mara moja kama mtu mwingine yeyote aliyezimia. Ushauri wa zamani bado unarudiwa katika mafunzo, na unaweza kuua. Asiyepumua huanzishiwa kukandamizwa kifua. Aliyeanguka huchukuliwa kuwa ameumia uti wa mgongo hadi ithibitike vinginevyo, na hasogezwi bila sababu.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini Tanzania hupigiwa simu kwa namba 114. Mjini Bariadi ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu, na hospitali ya kanda ni Bugando, jijini Mwanza. Aliyening'inia kwa muda mrefu hupelekwa hospitali hata kama anajisikia nzuri, kwa sababu misuli iliyobanwa huweza kumwaga ndani ya damu vitu vinavyodhuru figo. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni dalili yake. Na mwenye kiganja kilichoanguka huhitaji kifaa cha kukishikilia kikae sawa, pamoja na mazoezi ya viungo mapema, ili vidole visikakamae wakati neva inasubiriwa kuota.